Fundi Aliyetufundisha Kutopumua

Kabla ya kuingia nyumbani kwetu, jirani yetu alikuwa anavua mkanda. Najua inavyosikika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alisimama barazani, akatoa funguo, akatoa sarafu, akavua saa, akavua mkanda, akavipanga vyote juu ya gunia la makaa, ndipo akapiga hodi huku suruali ameishikilia kwa mkono mmoja. Mama hakuchoka kumwambia, "Fundi, hapa ni sebuleni tu. Hakuna sumaku." Naye hakuchoka kujibu, "Mimi najua, Mama Moraa. Mikono ndiyo haijui."

Mikono hiyo ilikuwa imefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya MRI, katika kituo kimoja cha picha za mwili mjini Kisii. Mashine yenyewe ni sumaku kubwa yenye tundu katikati. Mgonjwa analazwa ndani ya tundu, mashine inapiga kelele kama karakana, na picha za viungo vya ndani zinatokea kwenye skrini katika chumba cha pili. Ukiingia na funguo, sumaku inazivuta. Kwa hiyo yeye aliishi kama mtu ambaye dunia yote imejaa sumaku. Kanisani hakuvaa saa. Pini zangu za nywele alizitazama kama mtu anayetazama nyoka.

Tulimwita Fundi, wapangaji wote, hata mwenye nyumba. Mtu akikosea akamwita daktari, alimkatiza hapo hapo: "Mimi napiga. Daktari ndiye anasoma." Alilisema neno hilo sokoni, kanisani na kwenye mlango wa choo. Jirani mmoja alimwonyesha albamu ya harusi yake, akamuuliza kama bibi harusi hakupendeza. Fundi akafungua, akafunga, akasema, "Mimi napiga tu."

Alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Familia yake ilibaki huko, naye akapanga chumba kwenye ploti yetu hapa Keroka. Alichagua chumba kibaya kuliko vyote, kile kinachotazama barabara, ambapo malori hupunguza mwendo na kupiga breki usiku kucha. Tulidhani ni kwa sababu ya bei. Siyo. Kimya kilimsumbua. Akienda kwao wikendi, alirudi Jumapili jioni macho mekundu. "Kwetu kimya sana," alilalamika. "Sikulala hata dakika."

Mimi siongei. Si kwamba sina maneno. Yananifikia kama wageni waliochelewa, wakati watu wameshaanza kukunja viti. Walimu huandika kwenye ripoti yangu kwamba nijitahidi kushiriki darasani, na mama husoma hiyo sentensi kwa sauti kila muhula kana kwamba ni habari mpya. Fundi ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kuniuliza, "Mbona umenyamaza?" Alinitazama siku moja nikiwa nimekaa kwenye kona yangu, akamwambia mama, "Huyu angekuwa mgonjwa safi sana. Hatikisiki." Nikaenda kuandika kwenye shajara kwamba nimesifiwa.

Nikiwa na swali kwake, niliandika kwenye karatasi nikaisukuma upande wake wa meza. Naye alijibu kwa mdomo, bila kuona ajabu yoyote.

Kitu alichopenda kuliko vyote ni maini. Kuyapiga picha mchana, kuyala jioni. Pale bucha alikuwa balaa. Aliligeuza ini upande huu na ule, akalibonyeza kwa kidole, akalipeleka dirishani penye mwanga, na foleni nyuma yake inanuna. "Fundi," mwenye bucha alimuuliza, "unanunua ama umetumwa kukagua?"

Siku moja alipata doa jeupe, akalirudisha.

"Hicho ni kidoa tu," akasema mwenye bucha.

"Kidoa gani?"

"Kidoa cha kawaida."

"Umejuaje ni cha kawaida?"

"Kwa sababu ng'ombe hakulalamika."

Fundi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Hilo nalo nilisahau kulisema: alikuwa mtu wa kwikwi. Akicheka, kwikwi. Akinywa chai ya moto, kwikwi. Mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wasipumue hakuweza kukaa sekunde tano bila tumbo lake kuruka. Nilimwandikia kwamba huo ni unafiki. Akasoma, akasema, "Ndiyo maana mimi ninakaa nje ya mashine."

Maswali yangu mengi yalikuwa juu ya hayo madoa. Alinifundisha kwamba kuliona doa kwenye ini ni kazi moja, na kujua ni doa gani ni kazi nyingine, na kwamba mashine ile ile moja ina namna nyingi za kupiga, kila namna na jicho lake. Alizitaja kama watu. Kulikuwa na Maji, picha ambayo kila penye maji au damu iliyotulia panang'aa. Kulikuwa na Matembezi. Huyu hutazama jinsi chembe za maji zinavyotembea ndani ya mwili. Na kulikuwa na Dawa, ambaye ni picha kadhaa za haraka zinazopigwa mgonjwa akiwa amedungwa dawa kwenye mshipa, ili uone doa linavyoinywa: linaanza wapi, linaishia wapi, linachukua muda gani.

Alikuwa na daftari la shule la mistari, na kila jioni alijaza ligi. Hakuandika jina la mgonjwa hata mmoja. Aliandika tu nani ameona nini. "Leo Matembezi ameona viwili, Maji ameona kimoja." "Leo Maji ameshinda, Matembezi alikuwa na ukungu." Mimi nilimshabikia Matembezi, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuona vidoa vidogo.

"Matembezi ni mzuri," Fundi alikubali, "lakini anapiga kelele ovyo. Dawa anachelewa kusema, na anataka mtulie kabisa."

Nikaandika: Nani bora?

Alikasirika kidogo. "Usiulize hivyo. Uliza anaona nini, na nini kinampita."

Kuhusu Matembezi alinipa mfano wa siku ya soko Nyaramba, ambako ndiko kwetu hasa. Ini zuri, alisema, ni kama soko asubuhi sana: maji yana nafasi, yanatembea. Lakini mahali seli zimejazana, maji yanakwama, kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi saa sita mchana katikati ya watu. Hapo ndipo picha inang'aa.

Nikaandika: Kwa hiyo inayong'aa ni mbaya?

"Mara nyingi," akaanza kusema, kisha mama akaita kwamba ugali uko tayari, na Fundi hakuwa mtu wa kumalizia sentensi mbele ya ugali.

Magokoro, yaani nyanya yangu, alikuja kwetu Keroka na bahasha. Alikuwa ameenda hospitali kwa sababu ya tumbo, wakampiga altrasaundi, wakaona doa kwenye ini, kubwa kama limau. Daktari akataka MRI ili ajue ni doa gani. Nyumbani kwetu hakuna aliyetamka neno kansa. Mama alisema "hiyo kitu". Magokoro peke yake ndiye aliyelitamka bila shida, akila ndizi. "Kama ni kansa mnirudishe Nyaramba mapema. Siwezi kufia Keroka, kelele nyingi."

Alikuwa ameshaanza kugawa vitu. Sufuria kubwa kwa mama. Redio kwa mjomba. Mimi alinipa mwavuli wake, "kwa sababu wewe hupendi kuonekana". Niliurudisha kwenye mfuko wake akiwa amelala. Asubuhi niliukuta kitandani kwangu. Nikaurudisha tena. Hatukuzungumza juu yake, lakini tulifanya hivyo siku tatu.

Fundi akaja kumfundisha kupumua. Ini liko chini ya mapafu, alieleza, kwa hiyo ukipumua linapanda na kushuka, na picha inatoka kama ya mtu anayekimbia. Akaketi mbele ya Magokoro, ameushikilia mkono wake.

"Mama, nikisema vuta pumzi, unavuta. Nikisema toa, unatoa. Nikisema usipumue, unakaa hivyo hivyo. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Vuta pumzi."

"Ee. Nimevuta."

"Usinijibu, mama. Ukijibu, pumzi inatoka."

"Kweli imetoka. Nivute ingine?"

"Vuta. Toa. Usipumue."

"Sipumui," akasema Magokoro, kwa sauti ya mtu mtiifu kabisa.

Fundi akafumba macho. "Mama, mbona unajibu?"

"Mtu mzima anakuongelesha, unanyamaza? Mimi ni mbuzi?"

"Hata mbuzi hujibu," mama akasema kutoka jikoni.

Mama akaitwa ajaribu yeye. "Mama, usipumue." Magokoro akasema, "Sawa. Maziwa imechemka?" Fundi akaweka simu mezani, akachezesha sauti iliyorekodiwa ya mashine, ya mzungu mwanamke, ikisema kwa Kiingereza avute pumzi. Magokoro akaijibu simu: "Yes." Wakati huo Fundi alikuwa ameshaingia kwikwi.

Hakuwa mkaidi. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtu wa umri wa watoto wake. Fundi alikuwa sawa na wanawe, kwa hiyo mbele yake aliketi wima na kujibu kila neno vizuri, asije akaonekana amemdharau. Lakini mjukuu hayumo kwenye haya hiyo. Mjukuu ni wa utani. Fundi alipoelezwa hivyo na mama, aligeuka polepole akanitazama kwenye kona.

Nilitamani ukuta ufunguke. Nikanong'ona kwa Ekegusii, lugha yetu: vuta, toa, usipumue.

Magokoro hakujibu. Moja, mbili, tatu. Fundi akainua kidole gumba. Nne. Kisha mashavu ya Magokoro yakavimba na kicheko kikapasuka. "Muone huyu! Mwaka mzima haongei, leo ananikataza kupumua!" Tulirudia mara tatu, alicheka mara tatu.

"Ini limecheza rumba," Fundi akasema.

Akageuza karatasi yangu ya hesabu, akachora mpango nyuma. Maji angemsubiri Magokoro: kungekuwa na mkanda wa plastiki tumboni, na mashine ingepiga pumzi ikiwa imetulia. Matembezi hakujali, mgonjwa apumue apendavyo. Tatizo lilikuwa Dawa. Inapoingia kwenye mshipa inafika kwenye ini mara ya kwanza kwa muda mfupi tu, na picha ya wakati ule inataka sekunde kama kumi na tano bila pumzi. Ikipita imepita.

Nikaandika: Si uiache?

"Maji na Matembezi watamwona huyo doa," akasema. "Dawa ndiye atamtaja jina."

Siku yenyewe mama na mimi tulikaa kwenye benchi la korido kule Kisii. Tulisikia mashine ikigonga, ikinyamaza, ikigonga. Halafu mlango ukafunguliwa na Fundi akaniita kwa kidole. Nesi wao, mwenyeji wa hapa hapa, alikuwa amejaribu kumpa Magokoro mazoezi ya pumzi kupitia maikrofoni kwa Ekegusii safi. Magokoro alimjibu, akamsifu sauti, akamuuliza ni wa ukoo gani na kama ameolewa.

Nikavuliwa pini zote. Nikaketishwa mbele ya maikrofoni. Na pale kwenye skrini kulikuwa na picha ambayo Fundi alikuwa amemaliza kuipiga. Nilijua ni Matembezi kwa sababu ya ukungu wake. Ini la Magokoro lilikuwa la kijivu, limetulia, na upande mmoja kulikuwa na doa linang'aa kama taa ya lori.

Soko saa sita mchana. Watu wamejazana. Mkungu wa ndizi hauwezi kupita.

Nilimtazama Fundi. Fundi alitazama sakafu. Alikuwa hivyo kwa kila mgonjwa, hilo nililijua, lakini siku hiyo niliona sakafu ile ni jibu.

"Dawa inaingia," nesi akasema. Fundi akainua kidole, akangoja, akakishusha.

Nikabonyeza kitufe cha maikrofoni. Sauti iliyotoka sikuijua. Haikunong'ona. Vuta pumzi, Magokoro. Toa. Usipumue.

Hakujibu. Hakucheka. Mashine ikagonga. Kupitia kioo niliona miguu yake tu, soksi moja ina tundu, na kidole gumba kinachotokeza pale hakikutikisika hata kidogo. Nilihesabu, nikapoteza hesabu. Fundi akagusa bega langu. "Pumua," nikasema, na nadhani nilikuwa najiambia mimi pia. Tukarudia kwa picha zilizofuata, na kila mara alitulia kama jiwe.

Kwenye skrini, doa lilianza na shanga za mwanga pembeni tu. Picha iliyofuata, shanga zilikuwa zimenenepa kuelekea katikati. Ya mwisho, lilikuwa limejaa, kama tone la maji linavyoenea kwenye kitambaa. Sikujua maana yake. Nilienda kulia kwenye korido, nimegeukia ukuta. Fundi akaniletea soda, akasimama karibu yangu. Nikamuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe, "Ni mbaya?"

"Mimi napiga," akasema. "Daktari ndiye anasoma."

Siku hiyo niliichukia hiyo sentensi kwa moyo wote.

Daktari alisoma baada ya siku mbili. Lilikuwa fundo la mishipa midogo ya damu, pengine alizaliwa nalo, halimdhuru na halihitaji kisu. Tumbo lilikuwa ni vidonda vya tumbo tu, akapewa dawa. Magokoro alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru daktari, kisha akamgeukia mama: "Sufuria yangu irudi." Mjomba aliirudisha redio baada ya wiki, na betri alitoa. Nilipomuuliza Magokoro ilikuwaje akatulia, alisema, "Nilisikia sauti yako nikajua si utani. Nikadhani nyumba inaungua."

Mwaka huo huo Fundi alipata kazi karibu na kwao akahama. Chumba chake alipanga mtu wa kuuza simu, ambaye huingia kwetu na mkanda wake.

Nilimwona Fundi tena juzi, mjini Ogembo. Nilikuwa kwa Magokoro Nyaramba, naye alikuwa amenituma kwa shangazi. Fundi alikuja harusi ya yule nesi, na alikuwa karibu na waendesha boda boda, anabishana juu ya mkungu wa ndizi, ananusa moja moja. Nywele zimeingia mvi. Aliponiona akaacha ndizi.

"Moraa! Nyanya yako?"

"Yuko."

"Ini?"

"Halijalalamika."

Akaanza kucheka, nami nikaogopa kwikwi itamshika kabla sijasema. Nilikuwa nimebeba swali hilo tangu korido.

"Siku ile uliona nimeiona picha ya Matembezi?"

Kicheko kikaisha. "Niliona."

"Ulijua ni nini?"

"Kujua, hapana." Alifuta mikono kwenye suruali. "Lakini Maji nilikuwa nimeshampiga. Doa liling'aa kama balbu. Mafundo ya damu hung'aa hivyo, na mng'ao wao huvuka mpaka kwenye Matembezi, hata kama hakuna msongamano wowote. Nilidhani ni hilo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefurahi. Sauti yako ingefurahi. Nyanya yako angecheka, na dawa ingepita."

Basi mimi, nisiyeongea, nilimgombeza mtu mzima katikati ya Ogembo. Nilimwambia nililia kwenye korido yao nikiwa nimeshachagua wimbo wa mazishi. Nilimwambia nilimwona akitazama sakafu nikadhani anatazama kaburi. Nilimwambia picha ya pumzi ilikuwa imekwisha wakati ananiletea soda, kwa hiyo hapo alikuwa na kisingizio gani? Mwendesha boda mmoja akazima pikipiki ili asikie vizuri. "Mzee," akamshauri, "omba msamaha haraka." Fundi hakujitetea. Alisimama ameinamisha kichwa, na nilipokwama nikitafuta neno alingoja nilipate.

"Pole," akasema nilipomaliza. "Ile ya soda, nilikosea kabisa."

"Na ukipata mtoto mwingine kama mimi, utamwambia?"

Alifikiri. Ningependa angejibu haraka, lakini alifikiri kweli.

"Nitamwambia," akasema. "Picha zikishatoka."

Nikamwambia yeye ni mtu mbaya. Akakubali. Kisha akauliza kama nyanya bado anachuma chai. Nikasema ndiyo, asubuhi hii tu alikuwa amejaza kikapu kabla mimi sijaamka, na alinitusi kwa kuchelewa mpaka nikafika barabarani bado namsikia. Nilikuwa na mengine ya kumwambia, makali zaidi, niliyapanga tangu mwaka jana. Nikayatafuta hapo barabarani, na sikuyapata.